Wanafunzi wa Kilimani

Kwa lugha ya serikali, Zanzibar haina magereza. Ina Vyuo vya Mafunzo, na wanaotumikia vifungo ndani yake huitwa wanafunzi. Majina hayo yalitiwa nguvu na sheria ya 1980, na watu wameyazoea, ingawa mama wa Kikwajuni akisema mwanawe "yuko chuo" hunyamaza kidogo, na msikilizaji huelewa ni chuo gani.

Kikubwa kati ya vyuo hivyo kiko Kilimani. Ukitoka Mji Mkongwe kwa njia ya Mnazi Mmoja huchukui muda kufika. Hakiko mbali na majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Wazee hawakiiti chuo. Wanakiita Kiinuamiguu, au jela tu.

Julai 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipoanza kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura kwa ajili ya uchaguzi wa 2025, ilitangaza kwamba vituo 140 vya kuandikisha vingewekwa ndani ya kuta za jela: 130 katika magereza ya Tanzania Bara na 10 katika Vyuo vya Mafunzo vya Zanzibar. Kanuni zilitaja waliohusika: mahabusu, wafungwa waliohukumiwa kifungo cha chini ya miezi sita, na wanafunzi wa Vyuo vya Mafunzo.

Je, aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa apige kura? Kwingineko swali hili huwa mjadala wa wanasheria na wanafalsafa. Unguja lina majina na sura za watu, kwa kuwa hapa wengi walioandika sheria za uchaguzi, au walioshinda na kushindwa kwa sheria hizo, walipita jela kabla au baada.

Ngome na kisiwa

Zamani jela ilikuwa Ngome Kongwe, pale Forodhani, ambapo leo panauzwa vinyago na panafanyika tamasha la Sauti za Busara. Katika karne ya 19 masultani walifunga watu humo, na waliohukumiwa kifo waliuawa nje ya ukuta wake. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu katika serikali ya Sultani, alijenga jela katika kisiwa cha Changuu kwa ajili ya wahalifu wakubwa. Jela hiyo haikupata mfungwa. Kisiwa kikageuzwa karantini ya wagonjwa waliokuja na meli, na leo wageni huvuka kwenda kutazama kobe, wakikiita bado Kisiwa cha Jela. Unguja basi ina kisiwa chenye jina la jela isiyopata mfungwa, na ina jela yenye jina la chuo.

Wazo la kumnyima mfungwa kura halikuzaliwa hapa. Ulaya ya kale ilikuwa na adhabu iliyomfanya mtu awe hai kwa mwili na maiti mbele ya sheria: hamiliki, harithi, hashtaki. Uingereza ilipunguza ukali huo kwa sheria ya 1870, iliyofuta desturi ya kumnyang'anya mhalifu mali yake. Kura haikuachwa. Aliyefungwa zaidi ya miezi 12 kwa kosa kubwa aliikosa mpaka amalize kifungo. Hesabu hiyo ya kumpima raia kwa miezi ilisafiri na dola ya Waingereza, na ndugu zake wadogo bado wanaishi katika sheria za Afrika Mashariki.

Zanzibar yenyewe haikuwa na kura ya kunyang'anya. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa 1926, na wajumbe wake wasio wa serikali waliteuliwa. Mtu wa Makunduchi na mtu wa Shangani, mwizi na mcha Mungu, wote walikuwa sawa katika jambo moja: hakuna aliyewauliza nani awatawale.

Ng'ombe wa Kiembesamaki

Siasa za kura za Unguja zilianza na wafungwa.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wachanjwe dhidi ya kimeta. Wakulima wa Kiembesamaki, kusini ya mji, walikataa. Walikuwa na kinyongo cha ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na aliyekuja na sindano alikuwa bwana yuleyule aliyekuja na kamba ya kupimia shamba. Waliokataa walishtakiwa na kuhukumiwa. Tarehe 30 Julai, walipokuwa wakipelekwa jela, umati ulijaribu kuwatoa mikononi mwa polisi. Polisi walifyatua risasi, na watu wakafa. Wazanzibari waliliita tukio hilo Vita vya Ng'ombe.

Kwa kitabu cha mahakama wale walikuwa wahalifu: wamevunja amri halali, na wenzao wamezuia polisi kutimiza kazi. Kwa kijiji walikuwa watu wenye haki. Kutokana na hasira hiyo wakulima waliunda chama cha raia wa Sultani, mkulima Vuai Kiteweo akiwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Wasomi wa mjini wakajiunga, Sheikh Ali Muhsin Barwani akiwa mbele yao, na mwaka 1955 chama hicho kilikuwa kimekua na kuwa Hizbu, chama cha Jogoo.

Hivyo kimojawapo cha vyama viwili vikubwa vilivyopigania kura za Zanzibar kilizaliwa kwenye njia ya kwenda jela. Kama wakoloni wangewauliza watu mwaka ule iwapo waliofungwa wanastahili sauti katika utawala wa nchi, Kiembesamaki ingejibu kwamba hao ndio wa kwanza kustahili.

Nani ni mtu wa hapa

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kufuatia mapendekezo ya Walter Coutts, aliyeletwa kushauri namna ya kuwapata wajumbe. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa sita tu. Mpiga kura alitakiwa awe mwanamume, raia wa Sultani, mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, na atimize masharti ya elimu au mali. Wanawake walisubiri hadi 1961.

Mjini, mvutano mkubwa ulikuwa jimbo la Ng'ambo. Sheikh Ali Muhsin alisimama dhidi ya Abeid Amani Karume, baharia wa zamani. Kabla ya siku ya kura, wapinzani wa Karume walipeleka pingamizi kwamba hakuzaliwa Zanzibar na kwa hiyo hana haki ya kugombea. Pingamizi lilishindwa, na Karume akamshinda Ali Muhsin kwa tofauti kubwa. Hizbu haikupata kiti hata kimoja.

Pingamizi lile lilionesha mchezo utakavyokuwa. Unguja na Pemba ni visiwa vidogo vyenye majimbo ya kura chache, na hapo aliyekata tamaa ya kuwashawishi watu hujaribu kuwapunguza. Leo husemwa huyu si wa hapa; kesho itasemwa hajakaa hapa vya kutosha; keshokutwa, yuko ndani.

Januari 1961 vilishindaniwa viti 22. Afro-Shirazi Party ilipata 10, Hizbu 9, na ZPPP, chama kilichotoka ubavuni mwa Afro-Shirazi, 3. Watatu hao wakagawanyika: wawili huku, mmoja kule, na baraza likawa 11 kwa 11. Kiti kimoja kikaongezwa, uchaguzi ukarudiwa Juni, na siku ileile ya kura vurugu zikazuka mjini na kuenea mashamba. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu. Serikali iliunda tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton kuchunguza, na watu wengi walikamatwa.

Hapa anayetetea kura ya mfungwa hana pa kukimbilia. Si kesi ya sindano ya ng'ombe tena. Kuna aliyempiga panga jirani yake shambani kwa sababu ya kabila lake na chama chake. Mjane wa yule jirani ana haki ya kuuliza: aliyemnyamazisha mume wangu milele, je, yeye asikizwe na dola? Swali hilo halijibiwi kwa kifungu cha katiba, na mwandishi asiyelisikia uzito wake aweke kalamu chini. Nitalirudia.

Miezi 15 ya Babu

Mwaka uliofuata Kilimani ilipata mfungwa wa namna nyingine. Abdulrahman Muhammad Babu, katibu mkuu wa Hizbu na mwandishi wa habari aliyeelekea mrengo wa kushoto, alitiwa hatiani kwa uchochezi na kufungwa miezi 15. Kosa lake lilikuwa maneno. Chama chake kilikuwa sehemu ya serikali wakati huo, na wafuasi wake walihisi wakubwa wa chama hawakuumia sana kumwona anaondoka njiani.

Alitoka 1963, akagombana na chama, akaunda Umma Party. Julai mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Afro-Shirazi ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6, wakaunda serikali pamoja, Muhammad Shamte akiwa waziri mkuu. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilivamiwa, na serikali ile ikaanguka mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru.

Babu akawa waziri. Shamte na Ali Muhsin wakawa wafungwa, wakapelekwa magereza ya Bara, na Ali Muhsin akakaa humo miaka kumi hivi bila kufikishwa mahakamani. Katika muda mfupi, mfungwa wa jana na waziri wa jana walibadilishana nafasi.

Na katika siku zile za Januari watu waliuawa kwa maelfu, wengi wakiwa raia wasio na silaha. Nani alitiwa hatiani kwa mauaji hayo? Hakuna. Waliofanya waliishi, wakazeeka, na kura iliporudi wakaipiga kama raia wengine. Mjane wa 1964 hakuuliza kama muuaji wa mumewe apige kura, maana kwa sheria mumewe hakuwa na muuaji.

Kwa hiyo anayesema tuwanyime kura waliofanya makosa makubwa ajiangalie anachosema hasa. Sheria haiwezi kuwanyima waliofanya. Inaweza tu kuwanyima waliotiwa hatiani, na katika historia ya Unguja makundi hayo mawili hayakulingana.

Nchi isiyo na uchaguzi

Baada ya Mapinduzi, Mzee Karume alisema wazi kwamba uchaguzi ungesubiri kwa miongo mingi. Wazanzibari walipiga kura ya rais wa Muungano mwaka 1965 wakimchagua Mwalimu Nyerere, lakini chombo chao wenyewe cha kutunga sheria hawakukichagua hadi Januari 1980, Baraza la Wawakilishi lilipopata uchaguzi wake wa kwanza. Miaka 16 mtu wa nje ya jela na mtu wa ndani walikuwa na kura sawa katika mambo ya Zanzibar: sifuri.

Wakati huohuo mahakama zilibadilishwa. Zikaja mahakama za wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume alipigwa risasi na kufa katika makao ya chama, Kisiwandui. Kesi ya uhaini iliyofuata ilikuwa na washtakiwa 81, baadhi yao wakiwa wanashikiliwa Bara, ambako Mwalimu Nyerere alikataa kuwatoa wapelekwe Unguja. Miongoni mwa hao alikuwa Babu. Alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, katika mji ambao mwaka 1962 ulimfunga kwa maneno na mwaka 1964 ulimfanya waziri. Adam Shafi, aliyeonja jela ya kipindi hicho, aliandika riwaya ya *Haini*, iliyochapishwa 2003, na msomaji anayetaka kujua kuta zile zilinuka vipi aanzie hapo.

Babu aliachiwa 1978, akaenda ughaibuni. Mfumo wa vyama vingi uliporudi alikuja nyumbani, na mwaka 1995 alitajwa kuwa mgombea mwenza wa Augustine Mrema kupitia NCCR-Mageuzi, lakini hakuruhusiwa kusimama. Alifariki London Agosti 1996. Hukumu yake ya kifo ilitolewa na mahakama isiyo na mawakili. Na sheria ya uchaguzi iliyotumika Tanzania kwa miaka mingi ilimhesabu aliyehukumiwa kifo, au aliye katika kifungo cha zaidi ya miezi sita, kuwa si mpiga kura, bila kuuliza mahakama gani iliyohukumu wala kwa mwenendo gani. Kwa kipimo hicho, hata ile miezi 15 ya uchochezi ingemtosha Babu kufutwa mara mbili na nusu.

Maalim ndani

Mwaka 1984 Zanzibar iliandika katiba mpya. Ilitambua haki ya Mzanzibari aliyefika miaka 18 kupiga kura, na ikaweka sura nzima ya haki za mtu. Waziri Kiongozi wakati katiba hiyo inapitishwa alikuwa Seif Sharif Hamad, kijana wa Pemba aliyesoma chuo kikuu na kupanda haraka ndani ya chama tawala, CCM.

Mwaka 1988 aliondolewa madarakani na kufukuzwa chama. Mei 1989 alikamatwa na kushtakiwa kwa kupatikana na nyaraka za siri za serikali. Alikaa ndani mpaka Novemba 1991. Oktoba 1990, Dk. Salmin Amour alipochaguliwa rais wa Zanzibar akiwa mgombea pekee, aliyekuwa mkuu wa serikali wakati katiba inaandikwa alikuwa mahabusu, bila hukumu yoyote juu yake.

Waswahili husema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mithali hii ni ya kinyozi, lakini Unguja inafaa zaidi mlango wa jela.

Maalim Seif alitoka, akawa kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, na tarehe 22 Oktoba 1995 akagombea dhidi ya Dk. Salmin. Matokeo rasmi yalimpa Salmin asilimia 50.2 na Seif 49.8. Tofauti ilikuwa kura 1,565. Katika nchi inayoamuliwa na idadi ya watu wanaoenea katika mtaa mmoja wa Michenzani, kila kundi linalotolewa kwenye daftari ni kundi linaloweza kubadili rais. Ndiyo maana masharti ya ukaazi yaligombaniwa kwa ukali. Mwaka 1995 mtu alitakiwa awe ameishi jimboni miaka mitano. Baadaye ikapunguzwa hadi mitatu. Aliyesema fulani ni mkaazi au si mkaazi alikuwa sheha wa shehia, mteule wa serikali, na neno lake liliweza kukupa kura au kukuondolea. Raia asiye na doa lolote mahakamani angeweza kuikosa kura yake barazani kwa sheha.

Kumi na wanane

Kuanzia Novemba 1997, wakati wa uchaguzi mdogo wa jimbo la Mkunazini ndani ya Mji Mkongwe, watu wa CUF walianza kukamatwa. Mwishowe walikuwa 18, wakishtakiwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo na halina dhamana. Miongoni mwao walikuwamo wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, watu waliochaguliwa na wananchi. Juma Duni Haji alikuwa mmoja wao. Machano Khamis Ali ndiye aliyebeba jina la kesi.

Walikaa Kilimani karibu miaka mitatu. Oktoba 2000 ukafika uchaguzi mwingine. Siku ya tarehe 29, Unguja ilipopiga kura, wale 18 walikuwa ndani ya kuta. Hawakuwa wamehukumiwa, mbele ya sheria walikuwa watu wasio na hatia. Uchaguzi huo ulivurugika katika majimbo 16 ya mjini, yakarudiwa Novemba 5, na Amani Abeid Karume, mwana wa Mzee Karume, akatangazwa rais. Siku chache baada ya kuapishwa kwake, washtakiwa waliachiwa.

Novemba hiyohiyo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa uamuzi ambao wanasheria wanaukumbuka hadi leo: uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili kwa maana ya sheria hiyo. Kosa walilofungiwa miaka mitatu halikuwezekana kutendwa.

Baada ya umwagaji damu wa Januari 2001 vyama vya CCM na CUF viliandikiana Muafaka Oktoba mwaka huo. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walikubali kwa kura ya maoni serikali ya umoja wa kitaifa. Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Juma Duni Haji akawa Waziri wa Afya. Alitoka mlango wa Kilimani akaingia mlango wa wizara, na miaka kati ya milango hiyo ilikuwa kumi hivi.

Mombasa, Dar es Salaam, kisha Kilimani tena

Mwaka 2010 huohuo, mwambao wa kaskazini ulitangulia. Kenya ilikuwa inaelekea kura ya maoni juu ya katiba mpya. Shauri la wafungwa wa Shimo la Tewa, Mombasa, lilifikishwa mbele ya mahakama maalumu ya migogoro ya katiba, na Juni ikaamuliwa kwamba wafungwa wana haki ya kupiga kura katika kura hiyo. Tarehe 4 Agosti 2010 walipiga. Katiba waliyoipigia kura ilichora mstari wake kwa namna ya kufikirisha: inayemnyima kuandikishwa ni aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Mwizi wa ng'ombe anabaki mpiga kura. Mwizi wa kura ndiye anayesubiri.

Tanzania ilichelewa zaidi. Ibara ya 5 ya Katiba ya Muungano inampa kila raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, kisha inaliruhusu Bunge kuweka masharti, likiwamo la kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Katiba ilizungumzia makosa fulani. Sheria ya uchaguzi ikapima muda wa kifungo, kosa lolote liwalo. Desemba 2022, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti na mwenzake, Mahakama Kuu ilikiona kifungu hicho kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Magoti mwenyewe alikuwa amewahi kukaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja. Tena aliyeugusa mlango kwa mgongo ndiye aliyerudi kuusukuma.

Sheria mpya ya uchaguzi ikapitishwa 2024, kanuni zikafuata, na pamoja nazo vile vituo 140. Mlango umefunguliwa kidogo, na miezi sita ingali kizingiti. Mahabusu anayeshtakiwa kwa mauaji anaweza kuandikishwa, maana hajahukumiwa, na hilo ni haki. Aliyefungwa miezi minane kwa kuiba pikipiki, kwa kipimo hicho, hawezi. Ukimwuliza aliyeweka mstari kwa nini miezi minane iwe doa juu ya uraia na mitano isiwe, itambidi akutajie desturi, na desturi hiyo ina mizizi Uingereza ya 1870.

Tarehe 29 Oktoba 2025 uchaguzi ulifika. Siku hiyo Tundu Lissu, kiongozi wa chama kikuu cha upinzani Bara, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Msomaji wa Unguja aliyesoma habari hiyo hakuhitaji maelezo marefu. Neno lenyewe aliwahi kulisikia mahakamani Vuga, na alijua mara ya mwisho liliishia wapi.

Swali la mjane

Narudi kwa mjane wa Juni 1961. Ana haki ya hukumu, na muuaji wa mumewe akae jela muda uliosemwa na hakimu, hata maisha yake yote. Ana haki ya kutomsamehe. Lakini kura ya yule mtu haikuchukuliwa kutoka kwake, na ikifutwa harudishiwi yeye. Inakwenda kwa anayetengeneza daftari. Na huyo, kama historia hii inavyoonesha, akishapewa uwezo wa kumfuta muuaji hufuta pia mchochezi, mwandishi, mgombea mwenzake, na mtu ambaye sheha hamkumbuki.

Tena Wazanzibari wamejionea kwamba kura haipotei kwa hukumu peke yake. Tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar uliofanyika siku tatu kabla. Imamu na mlevi, mwalimu na mwizi, wote waliamka kura zao za Zanzibar zimefutwa pamoja. Siku moja, nchi nzima ilionja kinachompata mfungwa kila uchaguzi, na wala hakikuwapendeza.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mwanafunzi wa Kilimani apige kura, awe wa miezi mitano au wa miaka thelathini, na ikiwa lazima pawe na mstari, upite pale Kenya ilipoupitisha: kwa aliyeiba kura yenyewe, kwa muda unaohesabika. Silisemi hili kwa kuamini kwamba wote walio ndani wameonewa. Wapo waliofanya, na wanastahili kuwa pale. Lakini serikali iliyochagua kuwaita wanafunzi imekwisha kukiri kwamba wako njiani kurudi mtaani, na mtu anayerudi mtaani anarudi kwenye skuli, spitali na bei ya unga, mambo yanayoamuliwa na kura iliyopigwa wakati hayupo.

Baraza la Wawakilishi siku hizi liko Chukwani, kusini, kupita uwanja wa ndege na viunga vya Kiembesamaki, walikotoka wale wenye ng'ombe. Kikao kikivunjwa jioni, magari ya waheshimiwa hupanga foleni kurudi mjini. Njia hupita Mazizini na Migombani. Kabla ya kufika Mnazi Mmoja, hupita Kilimani.